Nyumba ya Mita 3.4

Sheria za Japani zinataka gari la daraja la kei lisizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2, na injini yake isivuke cc 660. Msomaji wa Tanzania amekwisha kuliona gari hilo hata kama jina la daraja lake ni geni kwake. Suzuki Carry inayobeba mchanga, magodoro na kreti za soda mitaani, ile tunayoiita kirikuu, ilizaliwa ndani ya vipimo hivyo. Huko kwao, ndugu zake wenye bodi iliyofunikwa, kama Suzuki Every na Daihatsu Hijet, wamepata kazi nyingine. Kiti cha nyuma hulazwa, ubao hutandikwa juu yake, godoro hufuata, mapazia hufungwa madirishani, betri ya pili huwekwa chini ya kitanda, na watu wawili, mara nyingi mume na mke waliostaafu, huizunguka nchi kwa majuma kadhaa bila kupanga chumba hotelini. Husafiri vizuri, wakala, wakaoga, wakalala, wakaamka na nguvu za kuendelea. Linalonishughulisha ni chanzo cha starehe hiyo, maana ukipiga hesabu ya nafasi waliyo nayo huioni inakotoka.

Wauzaji wa magari hayo wana jibu, na majarida ya magari hulirudia: starehe ni kazi ya seremala. Ni meza inayokunjwa, sinki linalojificha chini ya ubao, droo inayovutwa kutoka mlango wa nyuma, paa linaloinuka ili mtu asimame. Ufundi huo nauheshimu, na mtu anayeweza kupata mahali pa jiko, nguo, vyombo na kitanda katika nafasi ya kupakia isiyofika mita mbili za urefu anastahili sifa zake. Hata hivyo naamini jibu hilo limetazama upande usio sahihi. Starehe ya kigari cha kulala hutengenezwa nje ya kigari. Hutengenezwa na choo kilicho wazi saa nane za usiku, bomba la maji salama, bafu la umma, mahali halali pa kuegesha na taa isiyozimwa. Vitu hivyo vikiwepo, hata ubao na godoro vinatosha. Vikikosekana, kabati lolote la thamani halitaweza kumpa mwenye gari usingizi wala heshima.

Tuanze na maji, kwa kuwa hayana mjadala. Mkazi wa Japani hutumia nyumbani zaidi ya lita 200 za maji kwa siku, ukijumlisha kuoga, choo, kufua na kupika. Watu wawili basi ni lita 400, yaani kilo 400. Kigari cha kei hakiruhusiwi kubeba mzigo unaozidi kilo 350. Kwa maneno mengine, maji ya siku moja ya nyumba ya kawaida yangekizidi uwezo kabla hujapakia godoro, jiko wala kijiko. Kwa sababu hiyo wasafiri hawa hubeba madumu mawili ya lita kumi kumi, au hata pungufu, na yanawatosha kunywa, kupikia na kusukutua. Umeme nao una hesabu yake. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ambayo kwa kigari kama hiki ni kubwa, hutunza yuniti 1.2 hivi. Inatosha taa, feni, simu na jokofu dogo kwa siku moja au zaidi kidogo. Lakini beseni la kuogea la Kijapani huchukua takriban lita 200, na kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 15 hadi 40 kunahitaji karibu yuniti 6. Betri tano kama hiyo zingekwisha kwa mtu kujitumbukiza mara moja. Ukizipanga hesabu hizi pamoja, picha inakuwa wazi: sehemu kubwa sana ya yale tunayoyaita maisha ya nyumbani haiwezi kuingia garini kwa namna yoyote, wala haitakuja kuingia kwa ubunifu wa fundi yeyote, kwa kuwa inayozuia ni uzito wa maji na joto lake. Anayesema anaishi garini kwa raha anasema, bila kujua, kwamba kuna mtu mwingine anayemtunzia maji na moto.

Japani wamemtunzia. Mwaka 1993 serikali ilianza kusajili vituo vya kando ya barabara viitwavyo michi-no-eki, na leo vimepita 1,200. Masharti ya msingi ni machache lakini yana uzito: maegesho ya bure na vyoo vilivyo wazi saa 24, pamoja na mahali pa kupata habari za barabara na za eneo lile. Juu ya msingi huo kila mji huongeza chake, kwa kawaida soko la mazao ya wakulima wa karibu na chumba cha kula, na baadhi ya vituo vina chemchemi ya maji moto ya kuogea. Karibu na vituo hivyo utapata duka linalokesha, mashine za kufulia kwa sarafu, na bafu za umma ambamo mtu huoga na kukaa kwenye maji ya moto kwa malipo madogo. Tazama sasa siku ya wasafiri wetu ilivyogawanyika. Asubuhi hunawa kituoni. Mboga hununua hapo hapo, kwa hiyo hawahitaji jokofu kubwa. Nguo hufuliwa mjini huku wakila chakula cha mchana. Jioni huoga bafuni pamoja na wenyeji. Usiku ndipo kigari kinapoanza kazi yake, na kazi hiyo ni moja tu. Chama cha magari ya kambi cha nchi hiyo huthibitisha maeneo ya kulala magarini kwa ada ndogo, na miongoni mwa masharti yake, ukiacha choo cha saa 24 na umeme wa volti 100, ni kwamba pawe na mahali pa kuoga ndani ya mwendo wa takriban dakika 15 kwa gari. Sharti hilo lina hekima kubwa kuliko linavyoonekana. Walioliandika walielewa kwamba bafu ni sehemu ya gari, ila limewekwa upande wa pili wa barabara.

Nimesema kazi ya kigari ni moja. Ni kulala, na kwa hilo sitaki kulipuuza lililo ndani, kwa kuwa kuna ushahidi mzito. Tarehe 23 Oktoba 2004 tetemeko liliupiga mkoa wa Niigata. Maelfu ya watu waliogopa kurudi majumbani kwa sababu ya mitetemo iliyofuata, wakalala kwenye magari yao ya kawaida, vitini, miguu imening'inia. Baadhi yao walikufa, na hawakuuawa na kuta zilizoanguka. Damu iliganda kwenye mishipa ya miguu, bonge likasafiri hadi mapafuni. Mwezi Aprili 2016, Kumamoto ilipotetemeka mara mbili ndani ya siku chache, jambo hilo lilijirudia, ingawa safari hii madaktari walijua la kutafuta, wakagawa soksi za kubana na kuwahimiza watu watembee. Funzo la kwanza la misiba hiyo ni la fundi: kitanda kiwe bapa kabisa, mwili unyooke, miguu isiwe chini ya moyo. Kitanda kibaya garini kinaweza kuua. Lakini kulikuwa na sababu ya pili, na hiyo ndiyo inayonivuta. Watu wengi waliolala magarini, hasa wanawake, walipunguza kunywa maji kwa sababu vyoo vilikuwa vichache, vichafu, au mbali gizani. Mwili uliokosa maji huwa na damu nzito, na damu nzito huganda upesi. Yaani choo kilichokosekana mita mia mbili nje ya gari kilifika hadi ndani ya mshipa wa mguu wa mtu aliyelala garini. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha kwa ukali zaidi kwamba mpaka kati ya ndani na nje ya gari ni mwembamba kuliko bati lake.

Hewa nayo ni ya ndani na ya nje kwa pamoja. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho maji yanayofikia glasi moja au zaidi kwa usiku. Katika chumba cha nyumba hayaonekani, lakini katika bati la mita 3.4 wakati wa baridi hugeuka matone kwenye vioo, yakaloanisha godoro, yakaleta ukungu wa kuvu. Anayepika kwa gesi ndani huongeza mvuke mwingine, na anayeacha injini ikiunguruma ili apate joto huhatarisha uhai, hasa theluji ikiziba ekzosi na moshi ukarudi chini ya gari. Dawa inajulikana: dirisha liachwe wazi kidogo, pawe na feni ndogo, blanketi zuri badala ya injini, na kupika kufanyike nje. Ila dirisha halifunguliwi mahali ambapo mtu anahofia mwizi au askari wa kumgongea. Usalama wa mahali unaamua ubora wa hewa ndani. Mwanamke anayesafiri peke yake analijua hili kuliko mtu yeyote, na ushauri wa kumwambia achague gari lenye kufuli bora zaidi haumsaidii kama kumpatia maegesho yenye taa na watu.

Kuna watakaosema kwamba nimechagua gari dogo mno ili hoja yangu ishinde. Chukua gari kubwa, watasema, lenye choo chake, bafu lake, tangi la lita 100 na paneli za sola juu ya paa, nawe hutamhitaji mtu. Hoja hii naichukulia kwa uzito kwa sababu ndiyo inayouza magari mengi. Gari kubwa huahirisha uhitaji kwa siku chache, halafu huurudisha ukiwa mkubwa zaidi. Tangi la kinyesi likijaa hutafuta mahali maalumu pa kumwagia, ambapo ni adimu kuliko choo. Tangi la maji likikauka hutafuta bomba lenye nafasi ya kugeuzia gari la mita saba. Na njia nyembamba za vijiji vya milimani na bandari za wavuvi, ambako kigari cha kei hupita bila kukunja kioo cha pembeni, hufungwa kabisa kwa gari hilo. Historia ya gari la kambi lenyewe inasema vivyo hivyo. Volkswagen ilianza kutengeneza basi lake dogo mwaka 1950, kutokana na mchoro wa mfanyabiashara wa Kiholanzi Ben Pon wa mwaka 1947. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ikauza sanduku la samani lililoweza kuingizwa na kutolewa: siku za kazi gari lilibeba bidhaa, mwisho wa juma likabeba familia. Halikuwa na bafu wala choo. Liliitembea Ulaya kwa sababu Ulaya ilikuwa na viwanja vya kambi vyenye mabomba, mabafu na sehemu za kufulia.

New Zealand ilikwenda njia nyingine, na matokeo yake yanafundisha. Wageni waliolala ovyo kando ya fukwe na barabara waliacha uchafu, wenyeji wakachoka, na kwa haki yao. Sheria ya mwaka 2023 ikaamua kwamba anayetaka kulala garini kwenye ardhi ya halmashauri, isipokuwa pale halmashauri iliporuhusu vingine, lazima gari lake liwe na cheti cha kujitegemea, na choo kilichofungwa humo moja kwa moja, kinachoweza kutumika hata kitanda kikiwa kimetandikwa. Choo cha kubebeka hakitoshi tena. Naelewa hasira iliyozaa sheria hiyo. Lakini sharti la choo kutumika kitanda kikiwa kimetandikwa ni sentensi fupi inayolifukuza gari dogo barabarani, kwa kuwa katika gari dogo kitanda ndicho sakafu yote. Kijana mwenye gari la bei nafuu anaambiwa ama atafute kubwa ama akae nyumbani. Pesa ambazo kila mmoja atatumia kufunga choo ambacho hata mwenyewe hapendi kukitumia zingejenga vyoo vingi sana vya kando ya barabara, ambavyo vingemfaa pia mwendesha baiskeli, mama mwenye mtoto na mzee aliyetoka mji wa jirani. Sisemi sheria ile haina faida. Nasema imeuhamishia mzigo wa wote kwa mmoja mmoja, na mzigo wa namna hiyo huwaangukia wenye vyombo vidogo.

Japani yenyewe ina onyo juu ya jambo hilo. Mwaka 1968 ilikuwa na bafu za umma za mitaani karibu 18,000. Leo hazifiki 2,000, kwa sababu kila nyumba ilijijengea bafu lake na wateja wakaisha. Kujitegemea kwa kila mmoja kulivunja kilichokuwa cha wote, na aliyebaki bila bafu nyumbani, kwa mfano mzee mpangaji wa chumba kimoja, sasa hutembea mbali zaidi. Wasafiri wa vigari ni miongoni mwa wachache wanaoingia bafuni humo wakiwa wateja wapya. Wanapolipa wanasaidia kuni ziendelee kuwaka kwa ajili ya mzee yule.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa aina tofauti. Kwao gari la kulala ni uhuru, na uhuru maana yake ni kujiondoa mikononi mwa serikali, mwenye nyumba na jirani. Kuwaambia kwamba raha yao imeshikiliwa na halmashauri na mhudumu wa choo kunawaudhi. Marekani ndiko fikra hii ilikokita mizizi, basi tuitazame Marekani. Karibu na mji wa Quartzsite, jangwani Arizona, maelfu ya watu huishi magarini kila kipupwe. Wengi hulidhani jangwa hilo ni pori lisilo na mwenyewe. Ni ardhi ya umma inayosimamiwa na idara ya serikali kuu, ambayo imetenga maeneo ya kukaa muda mrefu kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili kwa ada moja ya msimu mzima. Eneo la La Posa lina maji, mahali pa kumwaga taka za choo na pa kutupa takataka. Nje ya maeneo hayo kikomo cha kawaida ni siku 14, kisha uhame. Kwa hiyo hata uhuru wa jangwani una karani, risiti na bomba. Simvunjii mtu heshima kwa kusema hivyo, kwani bomba lile ndilo linalomwezesha kukaa huko miezi saba akiwa na afya.

Kitabu cha Jessica Bruder kiitwacho Nomadland, kilichotoka mwaka 2017 na baadaye kufanywa filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar, kilifuatilia Wamarekani wazee waliopoteza nyumba au akiba na kuhamia magarini, wakizunguka kutafuta vibarua vya msimu. Hapa pingamizi hugeuka sura: unawezaje kuzungumzia starehe ya magari ya kulala wakati kwa wengi ni dalili ya umaskini? Jibu langu ni kwamba mchanganyiko huo unathibitisha hoja. Chukua gari moja, godoro moja na mwili mmoja. Liegeshe penye choo, maji na ruhusa, utapata mstaafu aliye likizo. Lihamishie mtaa ambao kuegesha usiku ni kosa, utapata mtu asiye na makazi anayelala nguo zikiwa mwilini akisubiri kugongewa dirisha. Ndani ya gari hakijabadilika kitu. Los Angeles ilikuwa na sheria tangu mwaka 1983 ya kukataza kuligeuza gari makazi, hadi mahakama ya rufaa ilipoitengua mwaka 2014 kwa kuwa haikueleweka nini hasa kilichokatazwa. Tarehe 28 Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Mahakama ya Juu iliiruhusu miji kuwaadhibu wanaopiga kambi kwenye maeneo ya umma. Kinyume chake, mji wa Santa Barbara tangu mwaka 2004 una mpango unaowapa watu wanaoishi magarini vibali vya kulala kwenye maegesho ya makanisa, taasisi na idara, kwa saa za usiku tu. Mpango huo haumpi mtu nyumba, na usitumiwe kama kisingizio cha kutojenga nyumba. Unampa usiku mzima wa kulala, na asiyewahi kuukosa hajui thamani yake.

Limebaki pingamizi la wenyeji, ambalo nalikubali kwa sehemu kubwa. Wizara inayosimamia barabara za Japani husema wazi kwamba michi-no-eki ni mahali pa kupumzika kwa usalama wa safari: kusinzia ukichoka ni sawa, lakini kulala pale kwa lengo la malazi hakutakiwi. Sababu zinajulikana. Kuna wanaotandaza viti na meza kwenye maegesho, wanaoacha injini ikinguruma usiku kucha, wanaooshea vyombo kwenye sinki la kunawia, wanaojaza mapipa kwa taka za nyumbani, hadi vituo vingine vikaondoa mapipa kabisa. Msafiri mwaminifu naye akabaki na taka zake mkononi. Anayetumia cha umma bila kukilipia wala kukitunza hukidhoofisha mbele ya wale watakaoulizwa kesho kama kijengwe kingine. Ndiyo maana napendelea njia ya ada ndogo na eneo lililotengwa, na inatia moyo kuona baadhi ya michi-no-eki zimeanza kutenga sehemu za namna hiyo ndani ya vituo vyenyewe, zenye umeme na sheria zinazosomeka. Ada humpa mgeni haki ya kulala bila kujificha, na humpa mwenyeji haki ya kumdai adabu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, ilhali huku gari la kulala ni la watalii wachache. Yanamhusu kwa sababu watu wanaoishi magarini tunao tayari, tena wengi, ila hatuwaiti hivyo. Dereva wa lori na utingo wake wanaotoka Mombasa kwenda Malaba, au Dar es Salaam kwenda Tunduma na ng'ambo, hulala kwenye kebini usiku baada ya usiku, na wakikwama mpakani siku huwa nyingi. Kebini ya lori ina kitanda kizuri kuliko vigari vingi vya Japani. Walichokosa ni kila kitu kingine. Abiria wa basi wanajua habari hiyo kwa jina la kuchimba dawa, desturi ya gari zima kushuka porini, wanaume kushoto, wanawake kulia, kwenye barabara kuu iliyojengwa kwa fedha nyingi na kuwekewa mizani, alama za mwendo na vibao vya wanyama, pasipo choo kwa kilomita nyingi. Mamlaka ya uratibu wa Ukanda wa Kaskazini imekuwa na mpango wa vituo vya barabarani kati ya Mombasa na nchi za bara, vyenye maegesho salama, vyoo na huduma za afya, na mpango huo unastahili kusukumwa kwa nguvu kuliko unavyosukumwa. Ningeanza na vilivyo rahisi: choo chenye maji na mtu anayelipwa kukisafisha, bafu la kulipia, taa, uzio na bomba. Vyumba vya mikutano na vibao vya uzinduzi vitasubiri. Halafu ningekiweka kituo mahali ambapo soko limekwisha kujipanga lenyewe, kama Ruaha Mbuyuni kwenye barabara ya Iringa, ambapo wauza vitunguu hukimbilia madirisha ya mabasi na abiria huwa na dakika chache za kuamua. Gari lililoegeshwa salama kwa saa nzima, dereva akiwa ameoga na abiria wametoka chooni bila haraka, ni mteja wa aina nyingine kabisa kwa muuza vitunguu, naye angekuwa wa kwanza kukuambia choo hicho kina faida gani.